Nani Aliyemwua Bwana Ali?
Safari ya hadithi za upelelezi, kutoka Baghdad mpaka Kibera

Mtaa wa Makina, Kibera, si mbali na msikiti, yuko mzee mmoja wa Kinubi ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini amekuwa akisumbuliwa na mauti ya mtu asiyepata kuishi duniani. Mtu huyo ni Bwana Ali, mwenye shamba, ambaye maiti yake ilikutwa penye mzimu katika kitabu cha Muhammed Said Abdulla kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale.

Mzee alikinunua kitabu hicho mwaka 1979 kwa mchuuzi wa mitumba, sokoni Gikomba. Siku hizo alikuwa dereva wa lori, na alikuwa akisoma usiku akiwa njiani. Alisoma kwa siku tatu, akafika mahali ambapo mambo yote yanataka kufunguka, akakuta kurasa za mwisho hazipo. Hazikuchanika mikononi mwake. Mwenye kitabu wa kwanza alikuwa amekwisha kuzitoa, Mungu ndiye ajuaye kwa haja gani.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na riziki imenileta Nairobi. Nakaa Kawangware kwa shangazi yangu. Nilipelekwa kwa mzee huyu na rafiki mmoja tuliyeswali naye, aliyeniambia, "Wewe si unapenda vitabu? Kuna mzee macho yamemwishia, anatafuta mtu wa kumsomea." Basi kila Jumamosi baada ya adhuhuri nikawa natoka Kawangware kwa miguu, nafuata barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner, nashika barabara ya Ngong, kisha napenya soko la Toi kwenye viatu na makoti ya mitumba, natokea Makina. Ni mwendo wa saa nzima na ushei, lakini ni mwendo wa faida. Mtu huona mengi.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee wangu." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Umekuja na macho?" Nikamwambia nimekuja nayo. Akanipa kitabu kile, kimefungwa kwa karatasi ya kaki, akaniambia nianze mwanzo. "Mwisho usiutafute," akasema. "Haumo."

Nilivyokuwa nikimsomea, ndivyo nilivyoingiwa na hamu ya kujua habari za hadithi za namna hii. Zilianzia wapi? Nani aliyezitunga kwanza? Na kwa nini mtu mzima, mwenye wajukuu, akose raha miaka arobaini kwa kutojua nani aliyemwua mtu wa kubuni? Haya ninayoyaandika leo ni machache niliyoyapata.

KANZU YA NABII YUSUF

Wazungu husema kwamba hadithi za upelelezi ni mali yao, na kwamba zilizaliwa mwaka 1841. Tutaifikia tarehe hiyo. Lakini msomaji aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu anajua kwamba jambo lenyewe, yaani kuitafuta kweli kwa dalili, ni la zamani zaidi.

Sote tunaijua Sura ya Yusuf. Ndugu zake walipomrudia baba yao usiku wakilia, walileta kanzu yenye damu ya uwongo, wakadai mbwa mwitu amemla. Wafasiri wanasimulia kwamba Nabii Yaakub aliitazama kanzu ile akastaajabu: mbwa mwitu gani huyu mpole, amle mtoto asiichane nguo yake? Kisha katika nyumba ya mkubwa wa Misri, Yusuf aliposingiziwa, shahidi wa jamaa ya yule mwanamke alitoa kanuni iliyo wazi kabisa. Ikiwa kanzu imechanwa mbele, mwanamke kasema kweli. Ikiwa imechanwa nyuma, basi Yusuf alikuwa anakimbia. Wakatazama, wakaona imechanwa nyuma.

Hapa hapakuulizwa nani tajiri na nani mtumwa, wala nani ana sauti kubwa. Iliulizwa nguo, na nguo ikajibu. Nilipomweleza mzee haya alicheka, akasema, "Ndiyo maana wakaitwa askari kanzu!" Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini umeisahau kanzu ya tatu, ile iliyomrudishia Yaakub macho yake. Hiyo ndiyo ninayoingoja mimi."

Waarabu wa kale nao walikuwa na hadithi ya wana wanne wa Nizar. Walikuwa safarini, wakakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Mmoja akamwuliza, "Ngamia wako ni chongo?" Wa pili akauliza kama anakwenda upande, wa tatu kama amekatika mkia, wa nne kama ana tabia ya kutorokatoroka. Mwenye ngamia akakubali yote, akawashika kuwa ndio wezi. Kumbe hawakupata kumwona. Waliona majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, wakajua ni chongo. Waliona alama za nyayo hazilingani. Waliona mavi yamekusanyika pamoja, maana hana mkia wa kuyatawanya. Na waliona mnyama amekula mahali pa majani mazuri kisha akapaacha, akaenda penye majani haba. Hadithi ya ngamia kama huyu ilienea Uajemi na Ulaya kwa sura mbalimbali, na Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Kifaransa, akaigeuza kuwa ya farasi na mbwa katika kitabu chake Zadig cha mwaka 1747.

Na kadhi Iyas bin Muawiya wa Basra, aliyesifika kwa firasa, anasimuliwa kuwa aliletewa mtu aliyekana amana ya mwenziwe. Mdai alisema alimkabidhi mali chini ya mti fulani. Kadhi akamwambia mdai, "Nenda penye mti ule, labda utakumbuka." Akamweka mshitakiwa pale barazani, akawa anaendelea na kesi nyingine. Baada ya kitambo akamwuliza kama hana habari naye, "Unadhani mwenzio amekwisha fika penye mti?" Akajibu, "Bado, ni mbali." Akawa amejifunga kwa kinywa chake, maana mtu asiyeujua mti atajuaje umbali wake?

Hata hivyo lazima tuseme haki. Katika Alfu Lela u Lela imo hadithi ya matofaa matatu. Mvuvi anatoa kasha katika mto wa Tigris, na ndani yake mna maiti ya mwanamke. Khalifa Harun Rashid anamwamuru waziri wake Jaafar amtafute mwuaji kwa siku tatu, la sivyo atanyongwa yeye. Lakini Jaafar hatafuti lolote. Anakaa nyumbani kungoja kadari, mpaka mwuaji anakuja kuungama mwenyewe. Maiti ipo na siri ipo, ila mpelelezi hayupo.

MIJI YA WATU WASIOJUANA

Mpelelezi alikuja na miji mikubwa. Mjini Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, Vidocq, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mfungwa wa zamani, alifanywa mkuu wa makachero, na kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1828 zilisomwa sana. London ilipata jeshi lake la polisi mwaka 1829, na idara ya makachero mwaka 1842. Sababu yake si ngumu kuiona. Kijijini mgeni akipita watu wote humjua. Lakini katika mji wa watu laki nyingi, jirani hamjui jirani. Mtu anaweza kuua asubuhi na jioni akanunua mkate dukani pasi na mtu kumtupia jicho.

Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha hadithi fupi juu ya mauaji ya wanawake wawili katika mtaa wa Rue Morgue, Paris. Humo alimtia bwana mmoja aitwaye Dupin, asiye polisi, anayefumbua kwa kufikiri yale yaliyowashinda polisi. Pembeni yake yupo rafiki anayesimulia na kushangaa. Tangu hapo mtindo ukawa huo: mwerevu mmoja, rafiki mmoja wa kustaajabu, polisi wasiofua dafu, na mwishoni maelezo. Ufaransa ikafuata Emile Gaboriau, na Uingereza Wilkie Collins, aliyetoa The Moonstone mwaka 1868, habari ya almasi iliyoibwa Bara Hindi.

Mwaka 1887 akazaliwa kitabuni mpelelezi aliyewafunika wote, Sherlock Holmes. Mtungaji wake, Arthur Conan Doyle, alikuwa daktari, na alimfanya Holmes amsome mtu kama daktari amsomavyo mgonjwa: matope ya kiatu, ukucha, majivu ya tumbaku. Alimwandikia hadithi fupi 56 na riwaya nne. Mwaka 1893 alichoka naye akamwua, lakini wasomaji walilalamika hata ikabidi amfufue. Baadaye akaja Agatha Christie, aliyeanza mwaka 1920, mabingwa wa kuficha mwuaji mbele ya macho ya msomaji. Na Marekani wakaja akina Dashiell Hammett na Raymond Chandler, waliomtoa mpelelezi kwenye majumba ya matajiri wakamtia vichochoroni penye ngumi na rushwa.

Wakati hayo yakiandikwa, katika dunia ya kweli ofisi moja ya Calcutta iliyaweka mambo juu ya msingi mpya. Huko ndiko ilikoanzishwa, mwaka 1897, idara ya kutambua watu kwa alama za vidole. Namna ya kuzipanga alama hizo ilibuniwa kwa kazi kubwa ya Azizul Haque, Mwislamu wa Bengal, pamoja na mwenzake Hem Chandra Bose, ingawa jina lililobandikwa ni la mkubwa wao Mwingereza, Edward Henry. London ilifungua idara kama hiyo mwaka 1901. Na katika lugha ya Kiurdu alitokea Ibn-e-Safi, aliyeishi toka 1928 mpaka 1980, akaandika riwaya za upelelezi zaidi ya 200, zilizosomwa Karachi na Lucknow kama mkate wa asubuhi.

BWANA MSA NA KIKO CHAKE

Sasa turudi nyumbani. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi katika idara ya afya. Baadaye aliingia katika uandishi wa magazeti, na kwa muda wa miaka kumi, mpaka alipostaafu mwaka 1968, alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Natia moyoni kwamba kazi hizo mbili zilimfunza mengi. Bwana afya huingia uani kwa watu, akaona kisichoonwa na mgeni wa sebuleni. Na mhariri hujifunza kutoamini kila anachoambiwa.

Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lilifanya mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Mzimu wa Watu wa Kale kikashika nafasi ya kwanza, kikachapishwa mwaka 1960. Shirika hilo makao yake yalikuwa hapa Nairobi. Kwa hiyo Bwana Msa, pamoja na Uunguja wake wote, kitabuni alizaliwa Nairobi, na si ajabu akaja kuzeeka Kibera.

Bwana Msa anavuta kiko kama Holmes, na ana rafiki, Najum, aliye badala ya Daktari Watson. Yupo na Inspekta Seif wa polisi. Wapo waliosema kwamba huku ni kuiga. Mimi sikubaliani nao, na nitasema kwa nini. Holmes anafanya kazi katika mji wa watu wasiojuana. Bwana Msa yuko kisiwani, ambako watu wanajuana mpaka wazazi wa wazazi wao. Basi siri zake si za mgeni aliyetoroka. Ni siri za nasaba: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, nani aliandikiwa nini, na nani amekuwa akiitwa kwa jina lisilo lake. Msomaji wa pwani akisoma anatikisa kichwa, maana anaijua nyumba hiyo.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Maiti imekutwa penye mzimu. Watu wamekwisha sema: wenyewe wa mzimu wamekasirika, na maneno yameisha. Bwana Msa hamtukani mtu kwa itikadi yake. Anauliza tu. Nani alipita hapa? Saa ngapi? Nani anapata faida? Katika Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 alilichukua jina ambalo kwa Waunguja ni la mji wa wachawi, akalifanyia vivyo hivyo. Baadaye vikafuata Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, na mwaka 1984 Kosa la Bwana Msa. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Wengine walishika njia yao. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni polisi hasa, anayetembea katika mji wa kisasa wenye simu na magari. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Huyu si wa kukaa akafikiri. Ni jasusi wa bastola na ndege, na adui wake mkubwa ni vibaraka wa Makaburu. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, akamleta Joram Kiango, na baadhi ya vitabu vyake vimechapishwa Nairobi. Upande wa Kiingereza, Hilary Ng'weno alitoa The Men from Pretoria mwaka 1975, na karne hii Mukoma wa Ngugi ameandika Nairobi Heat.

Kibera yenyewe imeingia katika riwaya na filamu za kigeni. John le Carré, Mwingereza, alitoa The Constant Gardener mwaka 2001, na filamu yake ikapigwa humu humu Kibera mwaka 2004. Ni kitabu kizuri. Lakini nilipomsimulia mzee, aliuliza swali moja: "Huyo anayefikiri, anayetafuta kweli, ni mtu wa hapa?" Nikamwambia, la, ni Mwingereza. Akasema, "Basi sisi ni matope ya kiatu." Nimevipitia vitabu vingi vya Kiingereza juu ya Nairobi, na katika vingi nimeona mtaa wa mabanda ni mahali pa kufia au pa kukimbilia. Ni nadra mwerevu kuwa mwenyeji wa hapo.

Ni dhulma, maana Makina ina historia yake. Wanubi walikuja kama askari wa jeshi la King's African Rifles, wakapewa msitu ule wakae. Na jina Kibra kwa lugha yao ndiyo msitu. Eneo lilitangazwa rasmi mwaka 1918, ekari elfu nne na zaidi. Baada ya hapo ikawa karibu miaka mia ya kuambiwa si pao, mpaka mwaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Watu waliodai ardhi kwa karatasi na ushahidi muda wote huo hawahitaji kufundishwa maana ya dalili.

ASUBUHI MOJA KAWANGWARE

Nilidhani nimekwisha pata habari za kutosha kuandika. Lakini jambo lililonifahamisha hadithi hizi ni za nini halikutoka kitabuni.

Ploti tunayokaa ina vyumba kumi na vinne na ua mmoja. Wanawake wa pale wana chama chao cha kuchangishana. Fedha huwekwa na jirani mmoja, mwuza mboga, katika mkebe wa biskuti wenye kufuli ndogo, juu ya kabati. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua imenyesha usiku kucha. Alfajiri tukasikia ukelele. Mkebe mtupu, shilingi elfu kumi na nane hazipo.

Kuna kijana aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni, wa miaka kumi na sita hivi. Mtu mmoja akasema, "Nimemwona akitoka mlangoni mwake sasa hivi." Haikupita dakika kumi kijana akarudishwa amekamatwa mashati, mdomo unavuja damu, na uani wamejaa vijana ambao wengi hata si wa ploti yetu. Mmoja alikuja akiviringisha tairi kuukuu. Wakazi wa Nairobi mnajua tairi ile ni ya nini. Nasema kweli, nilisimama na miguu yangu imekufa ganzi, wala sikufungua kinywa. Ndilo ninaloliona aibu mpaka leo.

Aliyefungua kinywa ni mama mmoja wa chumba cha tatu, mwalimu mstaafu. Alitoka na leso yake kichwani, akajipenyeza mpaka akasimama baina ya kijana na tairi. Hakupiga kelele. Akauliza, "Nani amemwona huyu na pesa? Sisemi nani amesikia. Nani ameona?" Kimya. Akamwambia mwuza mboga, "Lete mkebe."

Mkebe ukaletwa. Kufuli zima, na limefungwa. "Ufunguo uko wapi?" Uko shingoni mwa mwenyewe, kama siku zote. "Basi mwizi wa mbio, aliyeingia kuweka maji, amefungua kwa ufunguo gani? Na akaona vema akufungie tena, akurudishie juu ya kabati?" Watu wakaanza kutazamana. Akatuita mlangoni, akatuonyesha sakafu. Ua wote ulikuwa tope. Alama za mabuti ya kijana ziliingia hatua mbili mpaka penye pipa la maji, zikageuka. Kabati liko ng'ambo ya kitanda, na sakafu ya huko ilikuwa kavu, safi. Kisha akauliza swali la tatu: "Mara ya mwisho pesa ulizihesabu lini?" Mwuza mboga akajibu kwa sauti ndogo, "Jumapili." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sikupata kuona umati unavyoyeyuka namna ile. Yule mwenye tairi alitoka nalo kama mtu aliyepita njia tu. Siku ya pili mume wa mwuza mboga aliungama kwa wazee. Alikuwa akiutwaa ufunguo mkewe akilala, na fedha amezimaliza kidogo kidogo katika kamari ya simu. Wamekuwa wakizilipa, mwezi kwa mwezi.

Nilimwendea mwalimu jioni kumpa heko. Akasema ameshafundisha Kiswahili miaka thelathini, na kila mtoto aliyemshitaki mwenziwe alimwuliza neno lile lile: umeona au umesikia? Nikamkumbusha amri ya Qur'ani, kwamba mtu asiye mwaminifu akileta habari, tuichunguze kwanza tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tukajuta. Yeye ni Mkristo, lakini alisema hakuna neno la haki kuliko hilo. Katika mazungumzo nikamtajia mzee wangu wa Makina na kitabu chake kisicho na mwisho. Akainuka, akafungua sanduku la chini ya kitanda, akatoa Mzimu wa Watu wa Kale, kizima, kina muhuri wa chokaa na alama za kalamu nyekundu.

HUKUMU YA MZEE

Jumamosi ile nilikwenda Makina mbio mbio. Mzee alikuwa barazani. Nilipomwambia nina kurasa za mwisho, mikono yake ilitetemeka. Lakini aliponiona nafungua, alinizuia.

"Ngoja. Mimi nilikwisha toa hukumu yangu tangu mwaka ule ule. Nikuambie kwanza, kisha usome."

Akanitajia jina. Akanipa na sababu zake: fulani alikuwa na chuki, fulani alisema hivi, macho yake yalikuwa hivi. Ilikuwa hukumu iliyopangwa vizuri, ya mtu aliyeizungusha kichwani miaka arobaini na ushei, katika njia ya Mombasa na ya Kampala.

Nikasoma. Sitamtaja mwuaji hapa, maana huenda msomaji hajakipata kitabu, na kumharibia mtu mwisho wa hadithi ni kumwibia. Itoshe kusema kwamba hakuwa yule wa mzee.

Mzee hakusema neno kwa muda mrefu. Adhana ya alasiri ikaanza Makina, ikaisha. Nilidhani amechukia. Kumbe alikuwa akimfikiria yule mtu wa kitabuni, asiye na kosa.

"Subhanallah," akasema. "Miaka yote hii nimemtia kitanzini bure. Na ningeapa, mwanangu. Wallahi ningeapa."

Kisha, akiwa anatafuta fimbo yake ili twende msikitini, akaniuliza, "Na yule mtoto wa maji, huko kwenu, alirudi?"

Nikamwambia hakurudi. Maji siku hizi tunaletewa na mtu mwingine.